Aliyeitika Shimoni

Jua lilikuwa linazama Bugarama pale Bibi Tecla alipochukua jembe kwenda kufukua ndizi za rubisi. Ilikuwa siku ya nne tangu azivundike shimoni, na jirani yake Anatoli, mwenye harusi, alishapita mara tatu kuuliza pombe yake ya ndizi, kana kwamba Bibi ndiye bwana harusi.

Bibi hakuwa na haraka ya ndizi. Alitaka kuona kama simu imekufa.

Alikuwa ameifukia humo mwenyewe, katikati ya mikungu. Joto na moshi wa shimo hulainisha ndizi ngumu kama jiwe. Kidude kile ni nani kisilainike?

Simu ilikuwa ya mjukuu wake, Priscila. Miaka kumi na minane, mwili wa kuku mwenye mdondo. Tangu amalize kidato cha nne alikuwa mtu wa kulala chali, simu usoni, mchana hajui, usiku hajui. Chakula kinapoa, anakitazama kama cha mgonjwa mwingine. Humo ndani kulikuwa na watu mia tatu, mia nne, wakimwangalia akichana nywele. Na mmoja asiye na picha. Huyo alimwambia: ukisinzia tu, naondoka.

"Si aondoke, tule," Bibi alisema.

"Bibi, hujui. Hata nikizima, bado ananiita."

Ndipo Bibi akampokonya. Siku ya kwanza Priscila alilia. Ya pili alitetemeka. Ya tatu aliegemea ukuta, akitembeza kidole gumba hewani… juu… juu… juu… Bibi alikesha siku zote hizo akimlinda.

Jioni hii alimwacha jikoni, akafunga komeo kwa nje.

Migombani palikuwa kimya. Harufu ya ndizi mbivu ilimpokea. Chini yake kulikuwa na nyingine, ya nywele zilizoungua.

Akainua jembe.

"Bibi."

Sauti ya Priscila.

Kutoka chini ya udongo.

Kwao Bibi Tecla, mtoto hufundishwa kabla hajajua kufunga vifungo: ukiitwa migombani jioni na usiyemwona, nyamaza. Aliye hai ataita tena. Yule mwingine huita mara moja tu, na anachotafuta ni kuitikiwa; ukishamwitikia, haachi kukuita.

Bibi aliyajua hayo kwa miaka sabini. Lakini aliujua pia moshi wa shimo la ndizi, jinsi unavyomlaza mtu asiamke. Akawazia mtoto amevunja mlango, amefuata simu yake, amezama humo.

"Nipo, mwanangu! Nakuja!"

Alifukua kwa mikono. Majani. Ndizi. Ndizi. Kisha simu, imejikunja kama jani, kioo cheusi.

Shimo lilikuwa la moto. Simu ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Mtu hakuwemo.

Alikimbia nyumbani. Komeo lilikuwa palepale. Ndani, Priscila alikuwa ameketi kando ya mafiga, anakula. Ndizi za mchana, zilizopoa, mashavu yote mawili yamejaa.

"Nani amekuambia ule?" Bibi alinong'ona.

"Njaa." Priscila alimeza. "Ameondoka, Bibi."

"Nani?"

"Yule. Amesema amepata anayeitika haraka kuliko mimi."

Wiki ile walipanda basi hadi Biharamulo. Daktari alikuwa kijana mpole, akawasikiliza bila kucheka. Alisema asiyelala siku nyingi husikia mengi, na kuitwa jina ni moja ya hayo. Simu inaweza kumla mtu hivyo, na Priscila si wa kwanza. Ni ugonjwa, unatibika. Akampa dawa na tarehe za kurudi kuzungumza naye. Bibi alisadiki. Mtoto alikuwa anakula, analala, ameanza hata kumjibu jeuri. Na yeye mwenyewe siku ile migombani, si alikuwa hajalala siku tatu?

"Na Bibi analala?" daktari aliuliza.

"Analala," alijibu Priscila upesi.

Nje, wakisubiri basi, alimshika bibi yake mkono, akamwinamia sikioni.

"Usimwitikie tena, Bibi. Mimi nilianza hivyohivyo. Nilidhani ni mama ananiita."

Bibi Tecla alitazama barabara. Tangu alfajiri alikuwa ameshaitika mara mbili.