Toleo la Tisa

Jumatatu ile mchezo haukufunguka. Wachezaji walidhani ni mtandao. Hawakujua kwamba mwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, waliyezoea kumwita Taratibu, alikuwa amelala chini ya ngazi za ofisi yake, shingo imevunjika. Mfagizi alimkuta saa tatu na robo asubuhi.

Siku ya tatu Inspekta alipanda ngazi hizo hizo. Juu palikuwa na chumba kimoja: meza mbili, feni iliyokoroma na seva nyeusi sakafuni.

"Kila mtu ananiambia ni ajali," alisema mjane. "Afande, mume wangu alishuka ngazi ameshika ukuta, miaka yote. Nilikuwa namcheka."

"Dada, tulishalizungumza hili." Aliyesema hivyo ni mdogo wake wa kiume, Mchoraji, aliyeutengeneza mchezo pamoja na marehemu. "Shemeji alibadilisha toleo, seva ikagoma kuwaka, akachanganyikiwa, akakimbilia ngazi. Basi."

"Wewe ulikuwa wapi?" aliuliza Inspekta.

"Njiani. Nilifika saa nne, nikamkuta ameshafunikwa shuka."

Inspekta alimgeukia Koplo wa kitengo cha kompyuta. "Iwashe."

Maandishi mekundu yakajaa kwenye skrini.

"Mchezo ni toleo la kumi," alisema Koplo. "Lakini viongezi, hizi programu ndogo zinazopachikwa juu yake, bado ni vya toleo la tisa. Havipatani. Inaniuliza kama iviondoe ili iendelee."

"Bonyeza ndiyo," Mchoraji alidakia. "Dawa yake ni hiyo tu."

"Usiguse," alisema Inspekta.

Alichuchumaa. Ubavuni mwa seva palibandikwa utepe mweupe ulioandikwa kwa penseli: tarehe, toleo la zamani, toleo jipya, nakala imewekwa wapi. Mistari ishirini na kitu, mwandiko mmoja. Wa mwisho ulikuwa wa toleo la tisa, miezi mitatu nyuma.

"Haya aliyaandika wakati gani?"

"Kabla ya kugusa chochote," alisema mjane. "Kwanza nakala, halafu viongezi, mchezo mwisho. Chakula kilikuwa kinapoa anaandika."

"Mara hii alisahau," alisema Mchoraji. "Binadamu huyo."

Koplo alinakili diski nzima, kisha akarudisha toleo la tisa kwenye nakala hiyo. Kazi ilichukua saa mbili. Mchoraji alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Hatimaye mstari wa kijani ukatokea: seva imewaka.

Koplo akasoma kwa sauti kumbukumbu za seva, orodha ya kila kilichofanywa Jumatatu ile.

"Saa tatu na dakika mbili: Taratibu amemwondoa Mchoraji kwenye usimamizi." Akashuka mstari mmoja. "Na faili za toleo la kumi zimepakiwa saa tatu na dakika ishirini na tano."

"Saa tatu na robo alikuwa ameshakufa," alisema Inspekta polepole. "Watu wamezunguka maiti chini, na huku juu kuna mtu anabonyeza. Nywila wanayo wangapi?"

"Wawili," alisema mjane. Kisha akageuka. "Mdogo wangu?"

"Dada, usiniangalie hivyo."

"Toleo la kumi likiwaka hufuta kumbukumbu za zamani," alisema Koplo. "Ila halikuwaka. Ulisahau viongezi."

Mchoraji akakaa kwenye kiti cha marehemu, akainuka upesi kama kimemuunguza, akakaa sakafuni.

"Viongezi vilikuwa kazi yake," alisema. "Mimi nachora. Kila mti mle ndani, kila dirisha, ni mkono wangu. Nikawaambia watu mchezo ni wangu, akasikia. Hata hakugomba. Alinifuta tu, polepole, kama anavyofanya mambo yake yote, nimesimama nyuma yake naangalia. Halafu anasema anashuka kununua chai, eti aniletee na mimi. Nikamfuata hadi ngazini. Nilimsukuma mara moja tu. Nikarudi kufuta. Seva ikagoma, nikasikia watu wanapanda, nikashukia ngazi za nyuma."

Feni ilikoroma. Inspekta akatoa pingu.

"Alishika ukuta?" aliuliza mjane.

Mdogo wake hakuinua kichwa.

"Alishika."

Kesi iko mahakamani. Seva huwashwa na mjane kila siku saa mbili asubuhi, kwa toleo la tisa. Kwenye utepe hakujaongezwa mstari.