Jiwe Lililomwogopesha Bwanangu

"Mpeleke polepole. Akisimama chini ya jiwe... kwisha yeye!"

Wadau, hiyo ilikuwa sauti ya mwanamke.

Na aliyemjibu ni bwanangu!

"Leo lazima nimalize. Nimechoka kuogopa."

Nilikuwa nimejibanza kwa dirisha ya nyuma ya nyumba ya wenyewe hapa Kitengela, jua la saa nane linanichoma.

Mimi ni Beverlyne. Bwanangu ni Lemein. Alikuwa akichonga mawe kwa machimbo huko Kisaju, mpaka siku jiwe liliangukia mkono wake wa kulia. Vidole vilipona, lakini vikakataa kukunjika. Tangu hapo mkono hukaa mfukoni, hata kanisani.

Halafu akaanza kupotea kila alasiri.

"Unaenda wapi?"

"Kuona ng'ombe za ndugu yangu."

Ng'ombe gani? Anarudi viatu safi, hata vumbi hakuna! Na simu ikiita, anatoka nje.

Rafiki yangu Shirleen ndiye alinimaliza.

"Bev, nimeona bwanako akiingia kwa nyumba, pale nyuma ya duka la dawa. Msichana mrembo ndiye alimfungulia."

So hiyo siku nikamfuata. Na sasa nasikia nini? Kwisha NANI?!

Nikakumbuka yale mawe ya kujenga yamerundikwa kwetu nje... pale mimi huanika nguo kila asubuhi...

Nikazunguka, nikapiga mlango teke.

"MNATAKA KUNIUA?!"

Wote wawili wakageuka.

Kwa TV, jiwe kubwa lenye uso wa hasira lilikuwa linaning'inia juu ya kamtu kadogo. Ilikuwa gemu! Lemein ameshika pad ya kuchezea na mikono yote mbili, jasho linamtoka.

Jiwe likaanguka. Puu! Kamtu kakawa chapati.

"Bev?!"

Yule msichana akasimama polepole, akanisalimia Kimaasai. "Sopa, mama. Naitwa Resian. Mimi hufanyisha watu mazoezi baada ya ajali."

"Mazoezi gani ya gemu?" Bado sikuwa namwamini.

"Ya vidole. Akibonyeza hizi button, vinaanza kulegea."

Nikamgeukia Lemein. "Na mbona unifiche?"

Akainamisha kichwa.

"Siku ya kwanza hilo jiwe la gemu lilipoanguka, nilitupa pad nikaingia chini ya meza. Mimi, Bev! Mwanaume mzima, nikalia. Sikutaka uone."

Akaweka ule mkono kwa tumbo langu la mimba, kidole kimoja kimoja.

"Huyu akizaliwa, nataka nimbebe bila kuogopa nitamwangusha."

Aki, hasira yote ikaniisha. Lakini nilimwambia ukweli: "Ungeniambia. Nilikuwa nishapanga nguo nirudi kwetu."

"Nisamehe."

"Na wewe unisamehe. Sasa cheza nione."

Akashika pad. Jiwe likatetemeka juu... nikafunga macho!

"Usiharakishe," Resian akanong'ona. "Liache lianguke kwanza. Likipanda, pita."

Puu!

Likaanza kupanda... na kamtu kakapita mbio!

Lemein aliruka juu kama moran wa Kimaasai akicheza ngoma. Tukapiga nduru mpaka mwenye duka la dawa akakuja kuchungulia.

Wadada, shaka ikikuingia, uliza mapema. Ukiilea kimya, itakuonyesha muuaji mahali kuna mgonjwa. Na nyinyi wanaume, kuogopa si aibu. Bibi yako akijua kile unaogopa, atakaa hapo kando yako mpaka upite.