Amri Mbili kwa Printa ya Mjomba Antipasi

Haya ninayoyasimulia mimi, Babu Mughwai, ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi hata punje moja, ulimi wangu na uote kutu.

Kila alipotoka shule, Hana, msichana wa miaka kumi na miwili, alipitia duka la stesheneri la mjomba wake Antipasi, pale Mitundu. Alifagia, akapanga karatasi, akangoja wateja. Nyumbani walikuwa wawili tu. Tangu mama yake Hana afariki, mjomba hakuwa na neno zaidi ya "umekula?" na "funga mlango". Ukimya wa nyumba ile ulikuwa mzito hata mende walitembea kwa kunyata.

Marehemu alikuwa dada yake mjomba. Picha yake ya mwisho, aliyopiga kwa ajili ya kitambulisho, ilibaki ndani ya kompyuta ya duka. Siku moja mjomba alipokwenda Itigi kununua wino, Hana aliifungua. Akaweka karatasi ndogo kwenye printa, kisha akaingia kwenye draiva, ile programu inayopeleka amri za kompyuta kwa printa, akaiamuru itumie karatasi ndogo daima. Picha ikatoka, naye akarudisha karatasi kubwa kwenye printa. Akaificha ndani ya daftari. Amri ile hakuirudisha ilivyokuwa, wala hakumwambia mtu.

Kesho yake Mwalimu Belinda alileta mtihani wa darasa la sita uchapwe.

"Antipasi, watoto wanaanza kesho saa mbili. Usiniangushe."

"Hesabu umeshaupata, mwalimu."

Wapi! Taa nyekundu ilimemeta: karatasi hazilingani. Mjomba akachagua karatasi kubwa kwenye ukurasa wa mtihani, taa ikamemeta. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka; taa ile ile. Ndani ya draiva hakuwahi kuingia hata siku moja.

"Imekufa hii," alisema, akaanza kuifunga kwa shuka. "Naipeleka Singida kwa fundi. Mwalimu atajua la kufanya."

Hana alijua mwalimu hana la kufanya. Lakini akisema, ile picha itabidi itoke daftarini.

"Mjomba, haijafa. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Niliiambia draiva karatasi ndogo. Wewe unaiambia kubwa. Haijui imsikilize nani."

"Karatasi ndogo ya nini?"

Hana akafungua daftari. Mjomba aliitazama picha, akaketi juu ya boksi la karatasi.

"Mimi huifungua kila asubuhi," alisema polepole. "Nilidhani wewe ukiiona utalia."

"Nalia nisipoiona, mjomba."

Wakaingia kwenye draiva pamoja, wakaiwekea karatasi kubwa. Printa ikakoroma, ikatema mitihani mia mbili kabla mjomba hajapiga chafya ya pili.

"Sikiliza, mwanangu," alisema mjomba. "Kubadilisha si kosa, kosa ni kunyamaza. Chombo cha watu wawili ukikigusa, sema. Na huzuni ya watu wawili ni hivyo hivyo. Hapo mimi ndiye niliyekosa."

Nilipowasomea hadithi hii, Hana alinikazia macho.

"Babu Mughwai, chafya gani? Tulimaliza jua limezama, na karatasi zilikwama mara tatu!"

"Mlipe mtoto, mzee," mjomba akadakia. "Mwongo wa Mitundu akinaswa, hulipa kwa asali."

Nikatoa chupa nzima. Nikawaacha wakilamba vidole, wakikumbushana jinsi marehemu alivyopenda asali yenye masega. Hawakuniona nikiondoka.