Aliyebaki Nje ya Mstari

Uongo mimi sina. Ukinikuta nao, ujue nimeazimwa. Haya yalitokea kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, saa saba mchana, jua likiwa utosini.

Mkagua mafaili wa pale walimwita Bi Milimita, na jina lilimkaa. Ulete kadi, ulete kitabu, ulete bango: kama picha haijauvuka mstari wa kukatia kwa milimita tatu, anakurudishia. "Kisu hakina macho," husema. "Usipokiachia cha kula, kitakula chako."

Siku hiyo faili lilikuwa la nyumbani. Kaka yake alitaka kalenda yenye picha ya ukoo: watu wanane wamejipanga mbele ya ukuta, na mwisho kabisa, kulia, binti wa Bi Milimita, miaka sita. Picha ilibana. Kiwiko cha mtoto kilikuwa kimeachwa nje. Angekuwa mteja, angekula maneno. Lakini kaka ni kaka. Akaamua kompyuta ijazie yenyewe pembeni, na kwa kuwa mawazo yalikuwa kwa mwanawe, akaiandikia: *Ingiza ndani aliyebaki nje.*

Akabofya. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Mzee Makasi, unaunguza nini huko?"

"Tumbo langu, dada. Sijala tangu asubuhi," mkata karatasi akajibu kutoka chumba cha pili.

Kiwiko kilikuwa kimekuja, kizuri. Akalituma faili mashineni bila kulikagua mara ya pili, yeye ambaye hukagua mara tano. Mashine ikaunguruma, karatasi mia tatu zikapelekwa kwa Makasi. Ndipo akaitazama skrini vizuri. Kushoto, ambako hakukuwa na mtu, kulikuwa na bega.

Akalifuta. Likarudi na shingo, na kichwa kisicho na uso bado. Akahesabu vichwa, tisa, na wale wanane wa mwanzo walikuwa wamesogea kulia wote, kama watu wanaompisha mgeni kwenye benchi.

Simu ikaita. Mama yake.

"Njoo umwone mwanao," bibi akanong'ona. "Kajibana ukutani, analia bega linamuuma. Nikimwambia akae sawa, anasema, 'Siwezi bibi, shangazi kaniambia nisogee.'"

"Shangazi yupi, mama? Baba yake hana dada."

"Ndiyo maana nanong'ona."

Akakimbia chumba cha pili, kwa Makasi, simu mkononi, akipita mashine iliyokuwa bado ina joto, na harufu ile ikimfuata kama mtu anayempumulia kisogoni, na masikioni akisikia kisu kikinolewa ingawa Makasi hanoi kisu mchana, na akilini akiuona ule mstari alioupima yeye mwenyewe, kwa mkono wake usiokosea, ukimpita mwanawe begani.

Mguu wa Makasi ulishagusa pedeli ya kushusha kisu.

"Usikate kulia."

"Mstari si umeuchora wewe?"

"Mwanangu kasukumwa akauvuka. Tazama."

Makasi akatazama karatasi ya juu. Kushoto, yule mtu wa tisa, mwanamke, sasa alikuwa na uso mzima, ametulia kama aliyeandaliwa kiti. Mzee akauondoa mguu polepole.

"Uliiandikia nini hiyo kompyuta yako?"

Akamwambia.

"Ai, dada. Ungeandika 'kilichobaki', ungepata ukuta. Umeandika 'aliyebaki'. Umepata mtu."

"Tufanyeje?"

"Uchore mstari mwingine. Mbaya, wa kwenda upogo. Kisu kimle huyo mgeni."

Bi Milimita, ambaye hajawahi kupotoka hata unywele, akazigeuza karatasi na kuzipanga kombo, kisu kikielekea kati ya mgeni na mtu wa kwanza wa ukoo. Makasi akakanyaga. Chini ya kisu kikatoka kitu kama pumzi ndefu ya mtu aliyechoka kusimama, na harufu ikakatika hapo hapo.

Simu bado ilikuwa wazi. "Kanyamaza," bibi akasema. "Bega haliumi tena."

Makasi akacheka kidogo, akainama kuyazoa makapi. Kicheko kikaisha. Vipande mia tatu, na vyote vilikuwa na ukuta tu. Hakuna bega, hakuna uso.

Kwenye simu ikaingia sauti ya mtoto, tulivu.

"Mama, shangazi yuko mlangoni. Anauliza, hapa kwetu mstari uko wapi?"