Pareto ya Mvuani

Kila jioni baada ya shule, Nyamoita alimsaidia mama yake, Kemuma, kuanika maua ya pareto juu ya magunia nyuma ya nyumba yao karibu na Birongo. Mwaka ule wa 1972 alikuwa darasa la saba, hodari kuliko wenzake, na majirani walikwisha kuanza kumwita "mwalimu wetu". Maskini, jina hilo lilimtisha kuliko mtihani wenyewe.

Siku moja kabla ya mtihani, mvua kubwa ilinyesha. Nyamoita alichukua kikapu, akaenda shambani kuchuma pareto. Alirudi akitetemeka, na hata kuota moto akakataa. Kesho yake alifanya mtihani akiwa na homa kali.

Matokeo yalipotoka, alikuwa ameanguka. Nafasi ya sekondari ilikuwa imempita.

Baba yake, Machogu, alimketisha karibu naye. "Usilie, mwanangu. Ni homa tu. Tena uliipata ukitusaidia kazi. Nani atakulaumu?"

"Hakuna," wakaitikia wanaume waliokuja kutoa pole. Lakini Shangazi Persis alimtazama Kemuma, aliyekuwa akimenya ndizi.

Kemuma aliweka kisu chini. "Nyamoita, lini umeniona nikichuma pareto mvuani?"

Nyamoita aliinamisha kichwa. Hata mtoto mdogo alijua kwamba maua yenye maji huoza, na chama cha wakulima hakiyapokei.

"Sijakuona, Mama."

"Niliyatupa yote, nikanyamaza ili ufanye mtihani kwanza. Ulifuata nini huko?"

"Nilitaka nikianguka watu waseme ni homa," alisema akilia. "Niliogopa wataona sina akili."

"Mama Nyamoita, mhurumie," alisihi Machogu. "Woga humpata kila mtu."

"Namhurumia, Baba Nyamoita. Mimi sikupelekwa shule hata siku moja. Angejaribu akashindwa, ningemshika mkono nipite naye sokoni bila haya. Lakini alijiangusha mwenyewe." Kemuma akafunika uso kwa leso. Nyamoita hakuwahi kumwona mama yake akilia, na moyo ulimuuma sana.

Januari alirudia darasa la saba, akikaa benchi moja na mdogo wake Nyaboke. Wengine walimcheka. Alivumilia, akasoma.

Siku moja kabla ya mtihani, mvua ilinyesha tena. Nyamoita alikitazama kile kikapu. "Bado naogopa, Mama."

"Ogopa tu, mwanangu," alisema Kemuma akimsogezea kigoda karibu na moto. "Lakini kesho nenda ukiwa mzima. Ukianguka baada ya kujitahidi, tutalia pamoja, kisha tutajua pa kuanzia. Ukijiangusha mwenyewe, hata mimi mama yako sitajua nikuinue wapi."