Hatua Mbili Nyuma ya Altare

Mpaka leo sijapata wa kunieleza aliyejenga ukuta ule wa nyuma ya altare alitoka kupitia wapi. Maungio ya mawe yalikuwa yamelainishwa kwa upande wa ndani, moja moja, na humo ndani hamkuwa na mlango wala mfupa wa mtu.

Kanisa la parokia lilijengwa kwa vipindi: kwanza ukumbi wa mawe, kisha mabawa mawili ya matofali, mwisho mnara ambao haujawahi kusimama wima. Ufa ulipotokea nyuma ya altare, padri alimwita fundi mwashi. Fundi akapima. Nje hatua thelathini na mbili. Ndani ishirini na tisa. Unene wa kuta ulikula moja.

"Mbili zimekwenda wapi?" fundi akauliza.

"Labda miguu imechoka, baba," alisema mama mkwe wa fundi, mtunza kanisa, aliyeitwa Bibi Funguo. "Pima tena baada ya chai."

Baada ya chai zilikuwa zile zile. Fundi akatoa mawe penye ufa, akakuta uwazi mwembamba, mkavu, lakini unanuka chokaa mbichi. Juu ya ndoo iliyofunikwa palikuwa na mwiko wa kuashia, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa.

Fundi hachukui chombo cha mwenzake bila kuomba. Yeye mwenyewe alishamfukuza mtu kazini kwa kosa hilo. Lakini mwenye mwiko huu angeombwa wapi? Na wake ulikuwa umelegea mpini. Akauchukua.

Tangu hapo, kila alipogonga jiwe mara mbili kulikalisha, upande wa pili uligongwa mara mbili. Akadhani ni mwangwi. Siku ya tatu, mwangwi ukatangulia.

Adhuhuri hiyo Bibi Funguo alikuja kupiga kengele, na kabla hajaishika kamba alisikia gonga-gonga, kisha mkwaruzo, gonga-gonga, kisha mkwaruzo, akafuata harufu ya chokaa hadi nyuma ya altare, akamkuta mkwewe amesimama ndani ya ule uwazi, amefumba macho, anatabasamu, akiuziba kwa mikono yake, na mawe yamekwisha kumfika kidevuni.

"Baba, toka humo," alinong'ona.

"Imebaki mistari miwili tu ya mawe, mama. Anasema nikimaliza, yeye atapumzika."

"Nani anasema?"

Fundi akapapasa jiwe jingine. Wawili hao hawakuwahi hata kupeana mkono, kwa heshima ya ukwe. Siku hiyo Bibi Funguo alimshika kwapani, akamvuta juu ya mawe mabichi kama gunia.

Alitoka mzima, ila mkono wa kulia ulikataa kutulia. Usingizini na mezani ulikuwa ukilainisha hewa, na mkewe akawa anamlisha.

Padri alitafakari siku mbili. "Tusimfukuze huyo wa ukutani," akasema. "Huyo ni mtu wa kazi aliyejisahau ndani. Tumfungulie mlango, tumrudishie chombo chake."

Wanaume wote wakakumbuka wana shughuli. Bibi Funguo akachukua nyundo na patasi, akatoboa ukuta wa nje tundu la kupita mtu, akauweka mwiko juu ya ndoo, akaondoka bila kugeuka.

Asubuhi mkono wa fundi ulikuwa umetulia. Kingo za tundu, ambazo Bibi Funguo aliziacha zimechongoka, zilikuwa zimelainishwa vizuri kwa upande wa nje. Mwiko haukuwepo.

Ikaamuliwa mlango ule usifungwe kamwe. Bibi Funguo ndiye anayefagia kizingiti chake, na kila asubuhi hubisha hodi kwanza.