Mama Obare Ajifunza Baiskeli

Scovia Nyaboke aliuza mahindi na maharagwe katika soko la Kosele. Alizaliwa Kisii, lakini alikuwa ameishi Kosele miaka kumi na minane pamoja na mumewe, Levis Okemwa. Watu wa soko walimwita Mama Obare, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Kiluo, lugha ya wenyeji, alikizungumza vizuri. Wateja walimpenda kwa sababu gorogoro yake, kopo la kupimia nafaka, ilijaa hadi juu.

Kazi yake ilikuwa ya kuketi. Alifungua duka asubuhi, akaketi. Vijana wa soko walimbebea magunia. Mchana aliletewa chapati na nyama yenye mafuta, na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Jioni alitembea hatua chache tu hadi nyumbani, akaketi tena. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kila mwaka fundi wa nguo alimwongezea kitambaa kiunoni.

Siku ya Sabato, alipopanda kilima kwenda kanisani, alisimama mara tatu apate pumzi. Magoti yalimuuma. Hakujali sana. Alisema ni umri.

Mwezi wa tatu mwaka 1995, habari mbaya ilitoka Migori. Edinah, dada yake mkubwa, alikuwa amepata kiharusi. Scovia alisafiri kwenda kumwona. Alimkuta kitandani. Mkono na mguu wa kulia havikusonga. Edinah alijaribu kumwita kwa jina, lakini jina halikutoka. Scovia alikaa naye siku nne, akimlisha uji kwa kijiko na kumpangusa kidevu. Mume wa Edinah alimwambia kwamba ilikuwa presha, na hakuna aliyejua kama anayo.

Scovia aliporudi Kosele, hakufungua duka. Alikwenda moja kwa moja zahanati.

Muuguzi pale aliitwa Priscilla. Wagonjwa walimwita Sista. Alimfunga Scovia kitambaa cha kupimia mkononi, akapima. Akamwacha apumzike kidogo, kisha akapima tena.

"Mia moja sitini na nane juu ya mia moja na nne," alisema. "Mama Obare, uko na presha."

"Lakini mimi sijisikii mgonjwa, Sista. Ni kuchoka tu."

"Presha haibishi hodi. Watu wengi wanayo na hawasikii kitu. Dada yako pia hakusikia kitu."

Sista Priscilla alimweleza polepole. Damu hupita katika mishipa kama maji katika mpira wa kumwagilia. Nguvu ikizidi kwa muda mrefu, mishipa huharibika. Mmoja ukipasuka au kuziba katika ubongo, mtu hupata kiharusi. Alimpa vidonge vya kumeza kila siku. Alimwambia apunguze chumvi, mafuta na sukari, ale mboga na samaki zaidi. Tena atembee nusu saa, siku tano kwa juma.

Scovia alisema magoti yake hayataki kutembea.

"Basi panda baiskeli," Sista alisema. "Kwenye baiskeli uzito wako unabebwa na kiti. Magoti yanazunguka bila kugongwa."

Scovia alicheka. Hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Alipokuwa mtoto, baiskeli ilikuwa ya wavulana. Lakini njiani kurudi nyumbani hakucheka tena. Alikuwa akifikiria kile kijiko cha uji.

Jioni hiyo alimweleza Levis. Levis alikubali mambo ya vidonge na chumvi, lakini baiskeli hakuipenda. Aliuliza watu wa soko watasema nini wakimwona mke wake akianguka barabarani.

"Watasema mwezi mmoja, halafu watachoka," Scovia alimjibu. "Mimi sitaki siku moja unilishe uji, Baba Obare."

Asubuhi Levis alikwenda mwenyewe kwa jirani yao Filister. Filister alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alizunguka nyumba kwa nyumba kwa baiskeli ya kike, ile isiyo na chuma cha juu katikati. Levis alimwomba amfundishe mke wake. Filister alikubali papo hapo.

Walianza Jumapili asubuhi katika uwanja wa shule ya msingi. Scovia alivaa suruali ndefu chini ya sketi pana. Filister alimwonyesha jinsi ya kukunja upindo wa sketi na kuufunga, usiingie kwenye cheni. Kisha alitoa spana. Alishusha kiti mpaka nyayo zote mbili za Scovia zikagusa ardhi. Halafu akafungua pedali zote mbili na kuziweka kando.

"Sasa nitaendaje bila pedali?" Scovia aliuliza.

"Kwanza unajifunza kutoanguka. Kupiga pedali ni kazi ya baadaye."

Aliketi, akasukuma ardhi kwa miguu kama mtu anayetembea akiwa ameketi. Alishika breki polepole, akaizoea. Kisha walikwenda kwenye mteremko mdogo kando ya uwanja. Scovia aliinua miguu kidogo, baiskeli ikateleza mita mbili. Aliweka miguu chini. Akarudia. Kabla ya saa nne, alikuwa akiteleza mteremko wote miguu ikiwa juu.

Jumapili ya pili Filister alirudisha pedali. Scovia alikwenda mita ishirini peke yake. Halafu aliona shimo kando ya uwanja. Alilitazama kwa hofu, na baiskeli ikaenda huko huko. Akaanguka, akachubuka kiwiko. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na ndoo walicheka mpaka maji yakamwagika.

Filister alimsaidia kuinuka. "Baiskeli inafuata macho," alimwambia. "Ukitazama shimo, utaingia shimoni. Tazama mahali unapotaka kwenda."

Scovia alipangusa vumbi, akapanda tena. Alitazama milingoti ya goli upande wa pili. Alifika pale bila kuweka mguu chini.

Baada ya mwezi mmoja aliingia barabarani. Filister alimfundisha kukaa upande wa kushoto, kunyoosha mkono kabla ya kukata kona, na kupima breki kila asubuhi kabla ya kutoka. Levis alimtafutia mkewe baiskeli ya kwake, kuukuu lakini imara. Onyancha, fundi wa baiskeli, aliitengeneza na kuinua kiti kidogo, kwa sababu sasa Scovia hakuhitaji tena kugusa ardhi kwa nyayo zote. Mwanzoni aliendesha dakika kumi tu kwa siku. Kila juma aliongeza dakika tano. Akikosa pumzi ya kuzungumza, alipunguza mwendo.

Watu wa soko walisema, kama alivyotabiri. Wengine walisema mke wa Okemwa amekuwa mwanamume. Halafu kikaja kiangazi, wakapata mambo mengine ya kusema.

Mwezi wa nane Scovia alikuwa amepunguza kilo saba. Usingizi ulikuwa mtamu. Kwenye kilima cha kanisa hakusimama tena. Alijiona amepona, akaacha vidonge. Hakumwambia mtu.

Mwezi wa tisa Sista Priscilla alimpima, akakunja uso. Presha ilikuwa imepanda tena, mia moja hamsini na nane juu ya tisini na nane.

"Umeacha dawa?"

Scovia aliinamisha kichwa. Alisema alidhani baiskeli inatosha.

"Baiskeli inakusaidia sana, lakini usiache dawa mpaka sisi tukuambie," Sista alisema. "Tunaweza kupunguza, lakini tunapima kwanza. Usijifanye daktari, Mama Obare."

Scovia alirudia vidonge siku hiyo hiyo. Akaendelea na baiskeli.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, kipimo kilisoma mia moja thelathini na mbili juu ya themanini na mbili. Sista alikiandika kwenye kadi, akamgeuzia asome mwenyewe. Scovia alisoma mara mbili. Kisha alimwita Levis, aliyekuwa akimngoja nje kivulini, aingie.

"Na wewe upimwe," alisema.

Levis alisema yeye ni mzima. Scovia alimvutia kiti. Levis akaketi, kwa sababu Sista alikuwa akimtazama. Kipimo chake kilisoma mia moja sabini na mbili juu ya mia moja na sita. Levis aliutazama mkono wake.

"Tumeijua mapema," Scovia alimwambia. "Edinah hakupata nafasi hii."

Levis alipewa vidonge. Baiskeli alijua kuendesha tangu ujana, ila miaka mingi aliisukuma tu ikiwa na magunia. Jumapili iliyofuata aliitoa, akaipangusa, akajaza upepo. Wakatoka pamoja kabla ya jua kuwa kali.

Kwenye mwinuko wa kwanza Levis alianza kuhema. Mke wake alikuwa mbele, mgongo umenyooka, miguu ikizunguka bila haraka.

"Ningoje kidogo, Mama Obare," aliita.

Scovia alipanda mpaka juu. Kisha akashika breki, akaweka mguu mmoja chini, akamngoja.